Jinsi ya kuomba kuunganishiwa wasifu wako wa Scopus: kwa watafiti wa afya wa Tanga na Bagamoyo

Mtafiti aliyeanzia Amani, akafanya kazi Korogwe na sasa yuko Bagamoyo, aghalabu ana wasifu mbili au tatu kwenye Scopus, kanzidata ya makala za kisayansi na marejeo yake, bila habari. Hakuzifungua yeye. Mfumo wenyewe hukusanya makala kwa kulinganisha majina, taasisi na waandishi wenza. Jina likiwa Omari kwenye jarida moja na Omary kwenye jingine, na taasisi nayo imebadilika, mfumo huhesabu watu wawili. Anayepitia maombi yako ya ruzuku au ya kupanda cheo anaona nusu ya kazi uliyoifanya.

Hasara yake inahesabika. Fahirisi ya h, aliyoipendekeza mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, ni idadi kubwa kabisa ya makala zako ambazo kila moja imerejelewa angalau mara zilizo sawa na idadi hiyo. Tuseme wasifu wa kwanza una makala zilizorejelewa mara 40, 22, 9, 6 na 4: h yake ni 4. Wa pili una 15, 8 na 5: h ni 3. Zikiunganishwa, mpangilio unakuwa 40, 22, 15, 9, 8, 6, 5, 4, na h inakuwa 6. Siyo 7. Usijumlishe fahirisi za wasifu mbili kwenye fomu. Mkaguzi atagundua mara moja.

Anza na ORCID, utambulisho wa mtafiti mtandaoni, kabla hujagusa Scopus. Ni bure, na inakupa namba ya tarakimu 16. Ya mwisho ikiwa X usishtuke, ni alama ya kuhakiki namba yenyewe. Sajili barua pepe mbili, ya kazini na ya binafsi, kwa sababu mkataba wa mradi ukiisha barua pepe ya kazini hufungwa nawe unabaki nje ya akaunti yako. Kwenye sehemu ya majina mengine andika kila tahajia iliyowahi kuchapishwa. Kisha weka taarifa zionekane na watu wote. Ukiziacha zikiwa za siri, mkaguzi atafungua ukurasa mtupu.

Sasa ingia kwenye utafutaji wa waandishi wa Scopus, ambao hauhitaji taasisi yako kuwa imelipia. Hapa usiwe na haraka. Acha nafasi ya taasisi wazi. Tafuta kwa jina la tatu kama jina la ukoo, halafu kwa jina la baba, halafu geuza, kwani majarida mengine hupindua majina yetu. Jaribu Ally na Ali, Saidi na Said, Mohamed na Mohammed. Mwanamke aliyechapisha kabla na baada ya kuolewa ajaribu majina yote mawili. Andika pembeni namba ya mwandishi ya kila wasifu unaoutambua.

Weka alama kwenye wasifu zako zote, chagua ombi la kuunganisha waandishi, ingia kwa akaunti ya bure, kisha chagua jina litakalobaki. Liwe lile utakalotumia kwenye makala zote zijazo. Mfumo utakuonyesha orodha ya makala. Soma kichwa cha kila moja na uondoe isiyo yako. Kosa kubwa hufanyika hapa. Majina ya Pwani yanafanana mno, na anayekubali orodha nzima bila kusoma hujikuta amebeba makala za mtu mwingine. Kutenganisha baadaye kuna kazi kuliko kuunganisha. Tuma ombi kwa barua pepe ya taasisi, kwa kuwa ndiyo inayokutambulisha wazi, na utunze namba ya ombi. Majibu huchukua wiki kadhaa, kwa hiyo anza miezi miwili kabla ya tarehe ya mwisho, na usitume ombi lile lile mara mbili.

Ukishajibiwa, ndipo uunganishe Scopus na ORCID ili orodha nzima ihamie huko.

Makala iliyo kwenye jarida lisiloingizwa Scopus haitapatikana kwa ombi lolote. Iongeze ORCID kwa namba yake ya DOI, yaani utambulisho wa kudumu wa makala mtandaoni. Kazi za ushirika ndizo zinazoumiza zaidi hapa kwetu: Bagamoyo na Korogwe vilikuwa miongoni mwa vituo 11 vya jaribio la awamu ya tatu la chanjo ya malaria ya RTS,S, lakini ripoti ya mwisho ya mwaka 2015 kwenye jarida la Lancet ilitoka kwa jina la ushirika mzima. Jina lako likiwa ndani ya orodha ya wanaushirika tu, kanzidata huenda isikuhesabie hata rejeo moja. Usiombe makala kama hiyo iwekwe kwenye wasifu wako kama mwandishi. Kwenye CV ipe kichwa chake, kazi za ushirika, taja kazi uliyofanya na ukurasa wenye jina lako, na usiichanganye na hesabu ya h.

Kwenye fomu, kila namba iandikwe na chanzo chake na tarehe ulipoitoa. Google Scholar huhesabu pia tasnifu na miswada ya makala isiyopitiwa na wataalamu, hivyo namba zake huwa kubwa kuliko za Scopus. Ukichukua h ya huku na marejeo ya kule, jedwali lako halitathibitika.