Mfereji wa mgongo ukibana: anza na mwendo wa mzee, picha baadaye

Ramadhani iliyopita nilikaa barazani Ujiji na mzee mmoja ambaye amekunywa "dawa za baridi" miaka miwili. Kwenye tarawehe, akisimama kidogo tu, ganzi inajaa miguuni na moto unashuka toka makalioni hadi kwenye vigimbi. Akirukuu, unapungua. Akiitidali, yaani akisimama wima tena, unarudi. Akisujudu, umekwisha. Na mzee huyohuyo anaendesha baiskeli toka Ujiji hadi Mwanga bila kushuka, ila kwenda sokoni kwa miguu anapumzika mara tatu.

Nafanya kazi ya fiziotherapia hapa Kigoma, na hadithi hiyo peke yake ilinitosha kushuku mfereji wa uti wa mgongo, njia inamopita mishipa ya fahamu, umebana. Nawaandikia wenzangu wa vituo vya afya na watoto wenye wazazi wa namna hii.

Hatua ya 1: Ondoa hatari kwanza

Mkojo umeziba au unamtoka bila kujua, choo hakizuiliki, sehemu anayokalia imekufa ganzi, au mguu unalegea kwa kasi: hospitali leo hii, hata kama ni usiku. Homa za jioni, kukonda, kibyongo kipya, au mzee mwenye historia ya saratani ya tezi dume: usimwanzishie mazoezi, achunguzwe kwanza kifua kikuu cha mgongo na saratani. Mikono ikishindwa kufunga vifungo vya shati na mwendo ukayumba, shida huenda iko shingoni, na mwongozo huu haumhusu.

Hatua ya 2: Elewa kinachobana

Umri ukisogea, diski, yaani mito laini iliyo kati ya pingili, hunyauka na kutokeza nyuma, maungio ya pingili huota vinundu vya mfupa, na kano iliyo nyuma ya mfereji hunenepa. Kiunoni, mfereji wenye chini ya milimita 12 toka mbele hadi nyuma huhesabiwa mwembamba. Chini ya 10 umebana kabisa. Mara nyingi ni kati ya pingili ya nne na ya tano za kiuno. Mtu akinyooka, kano ile hujikunja kwa ndani na nafasi hupungua. Akiinama, inavutika na mishipa ya fahamu inapata pumzi.

Hatua ya 3: Kipimo cha kutembea

Hapa usiharakishe. Tafuta sehemu tambarare. Kwa Kigoma hili si dogo, maana kwenye mlima mtu huinama mwenyewe bila kujua, na utamwona anapanda vizuri kuliko anavyoshuka. Mwambie, "Mzee, tembea kama unavyotembea siku zote, ukiumia niambie." Bila fimbo, bila kushikwa mkono. Andika dakika maumivu yalipoanza na yalipokwenda.

Akisimama kwa maumivu, mwache asimame wima, mikono ikining'inia, kwa dakika mbili hivi. Asiguse kitu. Nasisitiza kwa sababu mzee mmoja nilimpima kwenye veranda. Alipochoka aliegemea ukuta, kiwiko juu, kiuno kimejikunja kidogo. Maumivu yakaisha. Nikaandika kwamba nafuu imekuja kwa kusimama tu, nikamhesabu mgonjwa wa mishipa ya damu, na wiki sita za mzee wa watu zikapotea. Kumbe nafuu ilitoka kwenye kule kuinama.

Kama akisimama wima maumivu yanabaki, na akikaa au kuinama yanakwisha, mfereji ndio wa kushukiwa. Kama kusimama wima kunatosha kuyaondoa, shuku mishipa ya damu: papasa mapigo juu ya wayo, linganisha joto la nyayo, tafuta vidonda. Mwenye kisukari au mvutaji sigara anaweza kuwa na vyote viwili, kwa hiyo mapigo papasa hata jibu likikuridhisha. Nyayo zinazowaka usiku kitandani, akae asikae, hizo zaidi ni neva za kisukari. Maumivu ya kinena na shida ya kuvaa kiatu, chunguza nyonga.

Kisha rudia, safari hii akisukuma baiskeli, mikono kwenye usukani. Anayeongeza mwendo mara mbili au tatu amekupa jibu.

Hatua ya 4: Picha

Eksirei inaonyesha mifupa, haionyeshi mishipa ya fahamu. MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, ndiyo inayoona mfereji vizuri. Lakini wazee wengi wasioumwa popote wana mfereji mwembamba kwenye picha, ndiyo maana nakataa kuanza na picha. Iagizwe pale jibu lake litakapobadilisha matibabu.

Hatua ya 5: Mazoezi

Alale chali, avute goti moja kifuani kwa sekunde 20 hadi 30, kisha jingine, kisha yote mawili. Mara tatu, asubuhi na jioni. Akae kitini ainame mikono ifuate sakafu. Baiskeli kila siku. Kutembea kwa vipande, akae *kabla* maumivu hayajaja. Kulala kifudifudi na kuinua kifua, zoezi linalowafaa baadhi ya wenye diski, kwake litabana zaidi. Ndoo ya maji kichwani pia, maana inamnyoosha. Na watoto wasimkanyage mgongo, tafadhali.

Mkanda wa kiuno siupendi. Akiuvaa kutwa nzima misuli inalegea.

Hatua ya 6: Dawa

Hakuna kidonge kinachopanua mfereji, na vitamini B haitafanya hivyo. Diclofenac, dawa ya maumivu, ya siku chache sawa, ila kwa mwenye vidonda vya tumbo, presha au figo dhaifu ni hatari, nayo huuzwa kama pipi.

Hatua ya 7: Upasuaji na rufaa

Mguu unaopoteza nguvu, au miezi mitatu hadi sita ya mazoezi bila nafuu na hawezi kwenda hata msikitini: ongeeni upasuaji. Mpasuaji huondoa sehemu ya mfupa wa nyuma na kano iliyonenepa. Mwambieni mzee mapema kwamba husaidia miguu kuliko maumivu ya mgongo wenyewe.

Kutoka Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa hapa Kigoma, rufaa huenda mara nyingi Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Kwenye barua andika zile dakika za hatua ya 3, wima na kwa baiskeli. Familia huogopa safari ndefu ya basi au treni, lakini mgonjwa huyu akikaa anapata nafuu. Kitakachomtesa ni kusimama kwenye foleni akifika, kwa hiyo beba kigoda.