Kumjenga mbwa wa kuwinda kwa hanesi kabla ya msimu wa kware

Mbwa aina ya Pointer aliyekaa bandani tangu Machi hawezi kutolewa Novemba ukategemea akimbie vichakani saa nzima. Kusini-magharibi mwa Georgia, Marekani, kwenye mashamba ya misonobari upande wa Thomasville, msimu wa kware aina ya bobwhite hufunguliwa katikati ya Novemba. Kazi ya kumjenga mbwa huanza mwanzoni mwa Septemba, nayo huchukua wiki kumi. Kukokota kwa hanesi, yaani mikanda ya kifuani, hujenga mapaja, mgongo na pumzi, na hukomaza nyayo, huku mbwa akiwa mbele ya macho yako muda wote.

Vipimo vilivyomo humu ni vya mbwa wa kilo 25 hivi aliyetimiza miezi 18. Mdogo kuliko hapo miisho ya mifupa yake bado inakua. Mwache akimbie bila mzigo.

Hatua ya 1: Daktari wa mifugo

Apimwe moyo, viungo na damu. Kipimo kisichorukwa ni cha minyoo ya moyo, ile inayoenezwa na mbu, kwa sababu kusini mwa Marekani imejaa. Mbwa mwenye minyoo hiyo akikimbizwa, mishipa ya mapafu iliyokwisha kuziba hulazimishwa kupitisha damu nyingi zaidi, na anaweza kufa njiani. Atibiwe kwanza, na wakati wa matibabu apumzishwe kabisa.

Hatua ya 2: Kuvalisha hanesi

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, na madhara yake huonekana wiki ya tatu, mbwa anapoanza kukataa kazi. Anaitwa mvivu kumbe ana kidonda kwapani.

Nunua hanesi ya kukokotea, siyo ile ya kumtembeza mbwa mtaani. Ya mtaani mara nyingi ina mkanda uliolala kwa upana juu ya mabega, nao huuzuia mguu wa mbele kunyooka. Ya kukokotea huonekana kama herufi Y ukimtazama mbwa kwa mbele: mikanda miwili inashuka kutoka shingoni, inakutana kidarini, kisha mmoja unapita katikati ya miguu ya mbele hadi mkanda wa tumbo. Mimi nachagua nailoni iliyopakwa plastiki kuliko nailoni tupu. Haifyonzi maji, haikai na matope, na ukiifuta kwa kitambaa imekwisha. Ngozi ni nzuri pia, ila isipopakwa mafuta kila wiki pembe zake hukakamaa na kukata kama kisu butu.

Mvalishe akiwa amesimama sawasawa, kisha kagua sehemu tatu.

Kidari: makutano ya Y yakae palepale kwenye mfupa unaochomoza mbele ya kifua. Yakipanda juu yake, mzigo unakaa kooni. Yakishuka sana, mikanda inabana ncha za mabega na hatua inafupika.

Kwapa: mkanda wa tumbo uwe nyuma ya kiwiko kwa upana wa vidole vinne. Vidole viwili havitoshi, hata kama mbwa akisimama unauona umekaa vizuri. Anapovuta, mkanda husogea mbele, na ile nafasi uliyoiacha hupungua nusu.

Ubanaji: vidole viwili vipite chini ya kila mkanda bila kusukumwa.

Sasa fanya jaribio ambalo watu hulisahau. Mtu mmoja amshike mbwa kwa mbele, wewe shika pete ya mgongoni uivute nyuma kwa nguvu, kama unayevuta ndoo ya maji kisimani, huku ukitazama koo. Mkanda ukipanda kwenye koromeo, au mbwa akikohoa, hanesi hiyo haimfai au pete imekaa juu mno. Ukiona imejipindua upande mmoja, mikanda ya kushoto na kulia haina urefu sawa. Usiamini matundu ya bizimu, pima kwa futi kamba.

Baada ya dakika kumi za kwanza za kazi, ivue upitishe kidole kinyume na manyoya kwapani, kidarini na chini ya bizimu. Manyoya yaliyosokotana ni onyo. Ngozi nyekundu maana yake kazi imekwisha kwa siku hiyo, na kabla ya siku inayofuata shona kipande cha sponji nyembamba mahali hapo. Manyoya yakishakatika ukaendelea, utapata kidonda cha wiki mbili katikati ya ratiba ya wiki kumi.

Kuna jambo jingine: mbwa anabadilika umbo. Mafuta yanapungua tumboni, misuli inajaa kifuani, na hanesi iliyomkaa vizuri Septemba inapwaya Oktoba. Rudia jaribio la kuvuta pete kila Jumatatu.

Hatua ya 3: Kumfundisha maana ya hanesi

Kola maana yake tulia, hanesi maana yake vuta. Usizichanganye hata siku moja. Anayefunga mzigo kwenye kola anaumiza koo, na kibaya zaidi anamfundisha mbwa kwamba kamba ikimkaza shingoni ni ruhusa ya kuvuta. Umevunja mafunzo yote ya kutembea naye ubavuni.

Anza na kamba tupu nyuma yake, wewe ukitembea kando. Akizoea, funga kipande cha mnyororo cha kilo 1. Kipime kwenye mizani, usikisie. Mnyororo ni bora kuliko gurudumu la gari au gogo kwa sababu haurukiruki na haukwami kwenye mizizi, na unaongeza uzito kwa kuunganisha kipande kingine. Kati ya pete na mnyororo weka kamba ya mita 1.2, ili chuma kiburuzike nyuma ya miguu. Kikiwa karibu zaidi kitampiga vifundo vya miguu ya nyuma, ataogopa, na itakuchukua siku kumrudisha. Weka pia kiungo kinachozunguka, la sivyo kamba itajisokota.

Hatua ya 4: Ratiba

Siku tatu kwa wiki, siku moja kazi, siku moja mapumziko. Wiki ya kwanza na ya pili, dakika 15 kwa kilo 1. Ya tatu, dakika 20 kwa uzito uleule. Ya nne, dakika 20 kwa kilo 2. Muda na uzito visiongezwe wiki moja. Kwa mnyororo usizidi kilo 2.5. Ukizidisha, mbwa huinamisha kichwa na kutambaa badala ya kukimbia, na wewe hutafuti mbwa wa kubeba magunia.

Wiki ya tano hamia kwenye pikipiki ya magurudumu manne yenye bomba lililofungwa mbele kwa upana. Bomba liwe usawa wa mgongo wa mbwa, kwa kuwa likiwa juu linamnyanyua kifua. Mbwa wawe mbele ya matairi, kamwe wasiwe nyuma ambako huwaoni na wanavuta moshi. Tumia waya uliofunikwa plastiki, wa sentimeta 70, maana kamba wataitafuna, na kishikizo kinachofyatuka hata kikiwa kimekazwa. Mwendo ni kilomita 8 hadi 10 kwa saa. Watu wa farasi na punda huuita kwenda matiti: miguu inapishana kwa mpigo, haijafika kuwa shoti. Anza upya na dakika 15, ongeza dakika 5 kila wiki hadi 35. Baiskeli siipendekezi hata kidogo. Sungura mmoja akikatiza, mtu na mbwa wote chini.

Rudi ukasome mchanga. Mbwa anayevuta sawasawa huacha nyayo katika mstari mwembamba, wa nyuma ukikanyaga karibu na wa mbele, na alama za kucha zimezama. Nyayo za nyuma zikihamia upande mmoja, anakwenda kama kaa: ama anaumwa ama hanesi imepinda. Ukiona michirizi ya kucha kati ya unyayo na unyayo, amechoka na ulipaswa kusimama mapema.

Siku moja kwa wiki badilisha: mwache akimbie huru bila mzigo. Kukokota hakumfundishi kukata kona wala kuruka magogo.

Hatua ya 5: Joto

Septemba ya Georgia ina joto na unyevu, kwa hiyo fanya kazi alfajiri. Jua likishachomoza vizuri, acha. Maji kidogo kila dakika kumi.

Ulimi uliopanuka na kukunjika ncha kama kijiko, ute mzito na fizi nyekundu sana ni dalili za kusimama papo hapo. Akipepesuka, mmwagie maji mwili mzima, hasa tumboni na kifuani, apigwe na upepo. Usimfunike taulo lenye maji, linafungia joto ndani. Mpoze kwanza, safari ya kwa daktari baadaye. Kipimajoto cha njia ya haja kubwa kikisoma 41 °C na kisishuke ndani ya dakika chache, hiyo ni dharura. Kikishuka hadi 39.5 acha kumwagia maji, na umpeleke hata akionekana mzima.

Hatua ya 6: Chakula na nyayo

Mbwa asile asubuhi ya kazi. Alishwe jioni, chakula chenye protini asilimia 30 na mafuta asilimia 20. Siku yoyote, kabla ya kumlisha subiri saa nzima baada ya kazi, pumzi ikiwa imetulia. Kagua katikati ya vidole utoe miiba.

Wiki ya kumi punguza kila kitu kwa nusu, na siku mbili za mwisho kabla ya kuwinda asivae hanesi kabisa.