SOMO: Namna ya kufukua mechi za zamani za mieleka ya indi na kuzipima kwa macho yako mwenyewe

Wakuu, kila wiki kuna mtu anaomba listi ya mechi kali za indi, anapewa, anaangalia dakika tano, anasema picha mbovu na ukumbi mdogo, anafunga. Kutafuta ni kazi moja na kupima ni kazi nyingine, na hiyo ya pili ndo watu wanairuka. Nikisema indi namaanisha promosheni ndogo (kampuni zinazoandaa shoo za mieleka) zinazojitegemea, sio WWE ile kampuni kubwa ya Marekani.

Hatua ya 1: Anza na mtu, usianze na listi

Listi za "mechi bora za muda wote" zinarudia mechi zilezile, kila mtu anakopi kwa mwenzake. Chukua mwanamieleka mmoja unayemkubali, rudi nae nyuma kabla hajawa maarufu. Mfano Bryan Danielson, usiku wa kwanza kabisa wa Ring of Honor, promosheni ya indi ya Marekani, Februari 2002 pale Philadelphia, yumo kwenye mechi kuu ya watu watatu na Low Ki na Christopher Daniels. Ukimshika Danielson atakupeleka kwa Nigel McGuinness, atakupeleka kwa Samoa Joe, na Joe atakupeleka kwa Necro Butcher ambae ni dunia nyingine kabisa.

Hatua ya 2: Jua ni mechi ipi hasa

Ingia Cagematch, tovuti ya rekodi za mieleka, andika jina, chuja kwa mwaka na promosheni. Nakili tarehe, mji na jina la shoo. Usidharau hili maana watu walewale hupambana mara tatu nne na klipu za mtandaoni zinawekwa vichwa vya ovyo. Joe na CM Punk mwaka 2004 walikutana mara tatu kugombea mkanda wa Ring of Honor: Juni Dayton sare ya dakika 60, Oktoba Chicago Ridge sare nyingine ya dakika 60, Desemba Joe akamaliza kazi. Mtu akikwambia nimeiona Joe na Punk muulize ipi. Kwenye Cagematch kuna na alama wanazotoa watu, mwisho 10, hizo zipite kama huzioni.

Hatua ya 3: Ipate nzima

Klipu inakupa mitupo, haikupi sababu ya mitupo. IWTV, huduma ya kuangalia mieleka mtandaoni, wana maktaba kubwa ya promosheni ndogo, vingine vipo kwenye DVD tu na itabidi utafute za mkono wa pili. Na uelewe kwanini vitu hivi viko kwenye kanda na DVD: ndo ilikuwa biashara yenyewe. Ring of Honor ilizaliwa kwasababu RF Video, duka la kanda za mieleka, walikuwa wanauza kanda za ECW, promosheni nyingine ya Marekani, ECW ikafa 2001, duka likabaki halina bidhaa mpya. Kwahiyo shoo zilikuwa zinatengenezwa zikiwa na macho mawili, moja kwa waliopo ukumbini na jingine kwa yule atakaekaa kwake arudie mara nyingi, ndo maana utakuta mechi ndefu zenye vitu vidogo vinavyorudi mechi ya pili na ya tatu.

Hatua ya 4: Mara ya kwanza angalia tu. Hakuna kalamu, hakuna kusimamisha.

Hatua ya 5: Mara ya pili ndo unapima

Hapa ndo penyewe, kaa vizuri.

Kwanza fuata maumivu. Mguu ukipigwa dakika ya saba, dakika ya ishirini huo mguu uko wapi? Akipanda kamba anasita? Akimbeba mwenzake goti linamkatalia? Kama amesahau kabisa na anakimbia kama swala, punguza, hata kama mwisho ulikuwa wa moto. Ila kuna mjanja anaetumia njia nyingine badala ya ule mguu bila hata kuchechemea, huyo mpe sifa, huyo anafikiri.

Pili, angalia ile mitego ya hesabu ya mbili. Refa anapiga moja, mbili, kabla ya tatu inayomaliza mechi jamaa ananyanyua bega, ukumbi unalipuka. Mara ya kwanza tamu. Ya sita watu wanapiga kelele kwa mazoea tu, na utaona kwenye nyuso za waliokaa mbele. Mimi hapa ni mkali kuliko wengi, naona indi ya Marekani miaka mingi imeharibiwa na hili kuliko na kamera mbovu.

Tatu, sheria za siku hiyo. Danielson na McGuinness, Liverpool, Agosti 2006, mikanda miwili inaunganishwa, mechi ina sheria za Pure: kila mtu ana nafasi tatu tu za kushika kamba kujiokoa. Ukiangalia hujui hilo, mtu akishika kamba unaona kawaida. Ukijua, kila kamba ni akiba inayoliwa na mechi inabadilika mbele ya macho yako. Humohumo McGuinness anagongeshwa kichwa kwenye chuma cha kona na damu ni ya kweli, wengi wanaongeza alama kwa ajili ya hiyo, mimi siongezi. Kichwa kikigonga chuma sio ufundi.

Nne, ukumbi. Usipime kelele, pima zinatoka wakati gani. Watu mia tatu wanaomzomea adui (yule anaecheza mtu mbaya) pale anapotaka wamzomee ni kazi kubwa kuliko elfu kumi wanaoimba nyimbo zao wenyewe.

Hatua ya 6: Alama, kama lazima

Andika sentensi tatu kwanza, mechi ilikuwa inahusu nini, nani alibadilika, wapi ililegea. Alafu ndo nyota. Nyota za Dave Meltzer, mwandishi wa habari za mieleka, ni maoni ya mtu mmoja alieona mechi nyingi sana, ni mwanzo mzuri wa ubishi. Joe na Punk ya Oktoba aliipa tano, na tano ndo ilikuwa inahesabiwa juu kabisa, ila 2017 Kenny Omega na Kazuchika Okada kule Japani wakapewa sita, sasa ukilinganisha namba za enzi mbili unajichosha bure.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu asante kwa somo. Hiyo sare ya dakika 60 ya Joe na Punk nimejaribu, nimelala. Punk amempiga mwenzie kabari robo ya mechi!

Jibu: Hahaha pole kaka. Ila jiulize kabari ni ya nini. Joe ni mkubwa, anapiga, Punk anataka amchoshe na amnyime nafasi ya kurusha mikono. Mwangalie Joe anavyopumua. Ukishaelewa na bado unaona inachosha basi inachosha, andika hivyo hivyo.

Swali: Nisie na saa nzima nianze na ipi?

Jibu: Joe na Necro Butcher, promosheni ya IWA Mid-South, 2005. Haizungushi. Ina damu nyingi, nakutahadharisha.

Swali: Komentari niizime? Na za Kijapani je?

Jibu: Mara ya pili zima. Shoo nyingi komentari iliwekwa baadae, kwahiyo mtangazaji anajua mwisho na anakusukuma. Za Kijapani huhitaji lugha, chukua mechi za Yuki Ishikawa na Daisuke Ikeda kwenye promosheni ya Battlarts, ila usisubiri watu waruke, pale unapima ngumi, mikabo na nani anasimama tena.

Swali: Mbona wanaume tu, mwalimu?

Jibu: Umenibana dada, na una haki. Nenda Shimmer, promosheni ya wanawake, ilianza 2005 Illinois. Anza na Cheerleader Melissa na MsChif, alafu Sara Del Rey. Kitu kimoja, walikuwa wanarekodi zaidi ya DVD moja siku hiyohiyo, kwahiyo ukikuta ukumbi umepoa kwenye DVD ya pili cheki tarehe kabla hujawalaumu walioko ulingoni, watu wamekaa hapo tangu mchana.