Kuisimamia seva ya mbali kwa ipmitool, hata umeme ukikatika na kurudi

Seva iko Chake Chake, wewe uko Mjini Unguja, na hutaki kupanda boti kwa ajili ya kwenda kubonyeza kitufe kimoja. ipmitool huongea, kwa lugha iitwayo IPMI, na BMC, yaani kompyuta ndogo ndani ya seva inayoisimamia hata ikiwa imezimwa. Mifano hapa ni ya madabodi za Supermicro na Linux ya jamii ya Debian. Kwenye iDRAC ya Dell na iLO ya HPE (ndizo BMC zao), amri nyingi ni hizi hizi, isipokuwa ile ya hatua ya 3.

1. Programu

`apt install ipmitool`, kisha `modprobe ipmi_si` na `modprobe ipmi_devintf`. Ukiiona `/dev/ipmi0`, endelea. BMC ina ukurasa wake wa wavuti pia, lakini za zamani hazikuoneshi skrini ya seva mpaka uwe na Java ya kizamani. Achana nao, amri zinapita hata kwa bando la simu.

2. Anwani na nenosiri la BMC

`ipmitool lan set 1 ipsrc static`
`ipmitool lan set 1 ipaddr 192.168.50.10`
`ipmitool user set password 2`

Madabodi za kabla ya 2020 zilitoka kiwandani na ADMIN/ADMIN. Nenosiri refu peke yake halitoshi: IPMI 2.0 humtolea hashi ya nenosiri (umbo lake lililofichwa, linaloweza kuvunjwa kwa kubahatisha) mtu yeyote anayelijua jina la mtumiaji, kabla hata hajaingia. Poti 623 ya UDP, ambayo IPMI huitumia, isionekane kabisa kwenye intaneti. Pita kwenye VPN.

3. Tundu la BMC

Hapa ndipo siku nzima inapoweza kuishia.

Mbali na LAN1 na LAN2, matundu ya mtandao ya seva yenyewe, madabodi ina tundu la mtandao la BMC peke yake. Kiwandani huwekwa kwenye hali ya kujichagulia: BMC ikiwaka hulitazama tundu lake, ikikuta limeunganika hubaki hapo, isipokuta huhamia LAN1. Sasa umeme ukatike, urudi. BMC huamka mara tu waya unapopata umeme, hata kama seva yenyewe bado imezimwa, na wakati huo swichi ya mtandao ndiyo kwanza inajiwasha. BMC inaona tundu limekufa, inahamia LAN1, na hairudi mpaka iwashwe upya. Kama LAN1 iko kwenye VLAN nyingine (mtandao uliotengwa ndani ya swichi ile ile), ping haijibu tena.

Kinachopotosha ni `ipmitool lan print 1`. Ukiiendesha ndani ya seva itakuonesha anwani sahihi na geti sahihi, kwa sababu amri ya ndani haigusi mtandao. Watu huanza kubadilisha kebo. Badala yake chukua MAC ya BMC (namba ya utambulisho ya tundu la mtandao) kwenye majibu hayo, uitafute kwenye jedwali la MAC la swichi. Ukiikuta kwenye mlango wa swichi ulioungwa na LAN1, tatizo ndilo hilo. Iulize BMC imewekwa kwenye hali gani:

`ipmitool raw 0x30 0x70 0x0c`

Jibu 00 ni tundu la peke yake, 01 ni LAN1, 02 ni kujichagulia. Ilazimishe BMC ibaki kwenye tundu lake:

`ipmitool raw 0x30 0x70 0x0c 1 0`
`ipmitool mc reset cold`

Seva haizimiki, BMC tu ndiyo inayojiwasha upya, ipe dakika mbili. Usiipeleke amri hii ya `raw` kwenye seva ya mtengenezaji mwingine, namba hizo zinaweza kuwa na maana nyingine huko.

Kisha jaribu kabla hujaondoka Pemba. `reboot` si jaribio, kwani BMC haikosi umeme. Izime seva vizuri, chomoa nyaya zake zote mbili za umeme pamoja na wa swichi, rudisha vyote kwa mpigo, halafu piga ping.

4. Umeme ukirudi

`ipmitool chassis policy previous` huirudisha seva kwenye hali iliyokuwa nayo kabla umeme haujakatika. Chaguo la `always-on` huiwasha hata seva uliyoizima makusudi.

5. Kuangalia

`ipmitool sel time set now` kwanza, la sivyo tarehe za kumbukumbu zinaweza kuwa za ovyo. Halafu `ipmitool sel elist` kwa kumbukumbu za matukio na `ipmitool sdr` kwa vipimo kama joto. Hewa inayoingia mbele ya seva ikae kati ya nyuzi 18 na 27. Usitegemee BMC ikwambie habari za unyevu wa masika wala chumvi ya pwani. Fungua mfuniko utazame kutu kwa macho yako.

Diski zina programu yao, smartmontools: `smartctl -A /dev/sda`. Tazama namba 5, 197 na 198, zinazohesabu sehemu mbovu za diski. Zikianza kupanda, agiza diski nyingine siku hiyo hiyo, maana mpaka ivuke bahari ifike Pemba ni safari.