Adrenalini Kwanza: Kumkinga Mtoto Mwenye Mzio Mkali wa Chakula

Mtoto mwenye mzio mkali wa njugu (karanga), kamba au mayai huuawa na mambo matatu: koo kuvimba, njia za hewa kifuani kubana, na shinikizo la damu kuporomoka. Dawa inayokabili yote matatu ni moja, adrenalini. Richard Pumphrey alichunguza vifo vya mzio nchini Uingereza, na katika matokeo aliyochapisha mwaka 2000, nusu ya waliokufa kwa chakula moyo au pumzi zilisimama ndani ya dakika 30 hivi. Kwa mzazi anayengoja feri Likoni, Mombasa, muda huo unaweza kwisha kabla mtoto hajafika kisiwani. Basi dawa iwepo nyumbani, na anayekaa na mtoto ajue kuitumia.

Dalili huanza dakika chache baada ya kula, mara nyingi kabla ya saa mbili kupita. Mabaka yaliyovimba yanayowasha, mdomo kufura na macho kuvimba peke yake bado si hatari kubwa, ila mtoto asiachwe peke yake. Hatari ni sauti kukwaruza, kushindwa kumeza mate, kikohozi kisichokoma, kifua kulia, kutapika mfululizo pamoja na mabaka, kulegea ghafla au kuzirai. Mtoto mchanga hunyamaza tu na kuwa kama kitambaa. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo tazama midomo, ufizi na viganja, na upapase ngozi uone kama imeinuka. Wako watoto wasiotoka mabaka hata kidogo, na hao ndio hucheleweshwa zaidi.

Kipimo cha adrenalini ni miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito. Kichupa cha kawaida kina miligramu 1 ndani ya mililita 1, kwa hiyo mtoto wa kilo 10 hupata mililita 0.1, wa kilo 15 mililita 0.15, wa kilo 20 mililita 0.2. Mtoto hapiti mililita 0.3 kwa mara moja. Mwombe daktari akuandikie kiasi hicho kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya kifuko cha dawa, na akufundishe kuvuta dawa kwa bomba la mililita 1. Kosa linaloogopesha ni nukta: 0.1 ikisomwa 1, mtoto anapata mara kumi. Bomba la insulini halifai, maana sindano yake ni fupi na dawa huishia kwenye mafuta chini ya ngozi. Ukipata kalamu ya adrenalini, yaani sindano iliyojazwa dawa tayari, zipo za miligramu 0.15 na 0.3, daktari atachagua kwa uzito.

Dunga kwenye msuli wa paja, katikati, upande wa nje. Usidunge mkononi, wala kwenye tako. Kama baada ya dakika 5 hali haijatulia, dunga tena paja la pili. Piritoni na setirizini hupunguza kuwasha tu, hazifungui koo. Haidrokotisoni, dawa ya steroidi, huchukua saa kadhaa kufanya kazi. Kuanza na hizo huku adrenalini imekaa kabatini ndilo kosa linalogharimu maisha. Mwenye pumu apewe pia pampu yake ya kupuliza, lakini baada ya sindano. Usimtapishe, usimnyweshe maziwa.

Mlaze chali, miguu juu ya mto. Akihangaika kupumua, akae huku miguu imenyooka. Akitapika au akizirai, alale ubavu. Asisimamishwe wala kutembezwa, hata akisema amepata nafuu, kwa sababu damu hukimbilia miguuni na moyo unaweza kubaki mtupu. Kwa hiyo bodaboda haifai kabisa. Tafuta gari, au tuktuk ambamo atalazwa kiti cha nyuma. Hospitali ichaguliwe mapema, iwe ni Coast General au nyingine iliyo karibu yenye oksijeni na dripu usiku na mchana. Abaki huko saa kadhaa, maana dalili zinaweza kurudi bila kula kitu kingine.

Joto letu huharibu adrenalini. Kifuko kikae mahali penye giza, chini ya nyuzi 25, si ndani ya gari wala karibu na jiko, na kisigandishwe. Dawa ikigeuka rangi ya waridi au kahawia, itupwe.

Kuhusu chakula, uliza mafuta kabla ya kuuliza viungo. Karai lililokaanga kamba ndilo hilo hilo la viazi na bajia. Kashata za nazi na za njugu hukatwa kwa kisu kimoja juu ya sinia moja. Siku za Iddi, sahani za majirani zisiguswe na mtoto hadi mpishi aulizwe. Mwalimu wa shule na wa madrasa wapewe nakala ya ile karatasi ya kipimo cha dawa.

Lakini usimnyime mtoto vyakula vingi kwa kubahatisha. Kipimo cha ngozi au cha damu kikionyesha mzio wa chakula anachokula kila siku bila shida, hana mzio nacho. Kuchelewesha kumpa mtoto mchanga njugu nako hakumkingi. Utafiti wa LEAP uliofanywa London na timu ya Gideon Lack, ukachapishwa mwaka 2015, ulifuata watoto 640 wa miezi 4 hadi 11 wenye ukurutu mkali au mzio wa mayai. Walipofika miaka 5, waliokatazwa njugu asilimia 17.2 walikuwa na mzio nazo. Waliolishwa mapema, asilimia 3.2. Walikula angalau gramu 6 za protini ya njugu kwa wiki, katika milo mitatu au zaidi, yaani kama vijiko 2 vya chai vya siagi ya njugu kila mlo. Kwa mtoto wa namna hiyo, daktari amwone kwanza. Siagi izimuliwe kwa uji mwepesi usio moto. Njugu nzima asipewe kabla ya miaka 5, zitamkaba.