Kabla tairi la winta halijakuumbua barabarani: ya kuzingatia kwa tulioko Quebec, Kanada

Kafungue buti kwanza. Leo, mchana, gari likiwa bado lipo kwako. Nyanyua kapeti uone chini kuna nini, maana magari mengi ya siku hizi hayana spea kabisa, umewekewa kikompresa kidogo na chupa ya dawa ya pancha basi. Mimi hilo nimekuja kulijua mwezi wa tatu niko Autoroute 10, ile highway, natoka Montréal narudi Sherbrooke, nimetumbukia kwenye shimo nikasikia puu!, usukani ukaanza kutetemeka, kushuka nakuta ubavu wa tairi umetoa kitambi saizi ya andazi. Chupa ninayo mkononi na haina msaada wowote, coz ile dawa inaziba kitundu cha msumari pale tairi linapokanyaga lami, ubavu ukichanika au ukivimba haifanyi kitu. Na mashimo ya mwezi wa tatu ndo balaa lenyewe, mchana barafu inayeyuka maji yanaingia kwenye nyufa za lami, usiku yanaganda yanatanuka, asubuhi lami imebanduka.

Kitambi maana yake nyuzi za ndani zimekatika, upepo unasukuma mpira mtupu. Halizibiki hilo, na fundi akikuambia linazibika mkimbie. Pancha ya msumari inazibika kama tundu halizidi milimita 6 na liko katikati, sio begani wala ubavuni, na tairi livuliwe kwenye rimu lizibwe kwa ndani. Ile kamba ya mpira ya kuchomeka kwa nje tuliyoizoea nyumbani ni ya kukufikisha gereji tu. Tena likivuliwa mwambie fundi akuoneshe ndani, ukikuta unga mweusi mweusi wa mpira ujue lilitembea bila upepo likajisaga, hapo hata tundu liwe dogo vipi nunua jingine.

Kununua nako kuna mtego. Kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi sheria ya Quebec inataka matairi ya winta, yale yenye alama ya mlima wa vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, ile alama ya M+S (matope na theluji) peke yake haitoshi, na faini ni dola 200 mpaka 300. Spea wameisamehe. Lakini usije ukafunga tairi moja la kiangazi kati ya matatu ya winta eti ni la muda, mpira wake unaanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7, kona ya kwanza yenye barafu gari linakugeukia. Kama gari lako linavuta miguu yote minne, uliza kabla ya kununua moja, meno yakitofautiana sana unaumiza mitambo ya chini.

Taa ya upepo ikiwaka asubuhi usipaniki, kila baridi ikizidi nyuzi kama 5 au 6 tairi linapoteza karibu psi 1 (psi ndo kipimo cha upepo). Jaza gari likiwa halijatembea, ufuate kibandiko cha kwenye mlango wa dereva. Likishuka tena baada ya siku mbili, hapo sasa tafuta msumari.

Wenye spea, kile kitairi chembamba kinataka psi 60 na kasi isizidi kilomita 80 kwa saa, na wengi hawajawahi kukipima tangu wanunue gari. Gari la kuvuta mbele usikifunge mbele kwenye theluji, hamisha zima la nyuma lije mbele, chenyewe kiende nyuma. Ni kazi mara mbili najua, ila ndo utafika.

Jaribu kufungua nati zako mwezi wa kumi. Chumvi ya barabarani inagandisha rimu mpaka unapiga mateke, na kama kuna nati ya kuzuia wezi hakikisha kile kifunguo chake kipo, mara nyingi kimebaki gereji. Weka kipande cha ubao kwa ajili ya jeki maana kwenye barafu inateleza, wili spana, glavu za kazi, tochi ya kuvaa kichwani, blanketi. Legeza nati kabla hujanyanyua, kaza kwa mtindo wa msalaba, nati moja kisha ya upande wa pili, na ukitembea kilomita 50 hadi 100 rudia kuzikaza.

Tairi likifia upande wa magari yanapopita kwenye highway achana nalo, ita brekidauni, usipige magoti pale. Na ukiwa unaendesha uwe unatazama vile vibao vya Sortie, yaani njia ya kutokea, namba zake zinafuata kilomita kwahiyo ukiitaja wanakupata haraka. Mimi niliulizwa umepita sortie namba ngapi nikajibu nimeshapita mji wa Granby, naona miti. Yule dada wa kwenye simu akanyamaza kidogo, akaniuliza miti ya upande gani.