Jinsi ya kukokotoa na kutangaza hewa ukaa ya bajaji za aplikesheni jijini Tanga

Kampuni ya aplikesheni ya kuitia bajaji inaweza kutoa ripoti ya mazingira inayopendeza kwa kuhesabu umeme wa ofisi na jenereta, ikazinyamazia bajaji zote zinazozunguka Ngamiani. Kama hiyo ndiyo unayoitaka, mwongozo huu haukufai.

Hatua ya 1: Jua chombo ni cha nani. Kanuni zinazotumika zaidi duniani, GHG Protocol, zilitoka mwaka 2001. Zinagawa hewa ukaa mafungu matatu: mafuta yanayoungua kwenye vyombo vyenu, umeme mnaonunua, na mengine yote yanayotokana na biashara yenu. Bajaji ambayo dereva anampelekea tajiri hesabu kila jioni si yenu, kwa hiyo inaingia fungu la tatu. Wengi hutorokea hapo, wasilihesabu fungu hilo. Lakini Uber, iliyoahidi mwaka 2020 kuondoa moshi kwenye safari zake zote duniani ifikapo 2040, nayo inategemea magari ya madereva. Ukiliondoa fungu la tatu, ahadi ile inabaki maneno.

Hatua ya 2: Tafuta lita. Kazi kubwa iko hapa. Dereva wetu hataji lita. Anafika sheli anasema "weka ya elfu kumi". Usimsumbue abadilike. Akutumie kiasi cha fedha na tarehe, wewe ugawe kwa bei ya lita. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila mwezi kwa kila mji. Chukua ya Tanga, si ya Dar es Salaam, maana mafuta yanayoshushwa bandari yetu yana hesabu yake. Sheli ikiuza chini ya kikomo, lita utakazopata zitakuwa pungufu ya zilizoungua, hivyo penye risiti fuata risiti.

Hatua ya 3: Zidisha. Lita moja ya petroli hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ukaa. Dizeli, kilo 2.7. Bosi atakuuliza inawezekanaje, na lita yenyewe haifiki kilo. Mwambie kaboni ikiungua hushikana na oksijeni ya hewani, na sehemu kubwa ya uzito ni ya oksijeni hiyo.

Hatua ya 4: Hesabu mwendo mtupu. Bajaji imeshusha abiria Raskazone, inarudi bila mtu hadi Kange. Aplikesheni haiioni safari hiyo kama safari, ila mafuta yameungua. Soma mita ya chombo asubuhi na jioni, kisha linganisha na kilomita za abiria. Tuseme bajaji imetembea kilomita 120 kwa lita 4, na 80 tu ndizo zenye abiria. Hewa ukaa ni kilo 9.2. Ukigawa kwa 120 unapata gramu 77 kwa kilomita. Ukigawa kwa 80, gramu 115. Tangaza ya pili. Jimbo la California, Marekani, nalo, katika kanuni zake za kampuni za usafiri wa aplikesheni, inahesabu mwendo mtupu.

Hatua ya 5: Andika. Weka jumla ya kila fungu, mwaka wa kulinganishia, na idadi ya madereva walioleta takwimu. Wasioleta, wakadirie kwa wastani wa wenzao, na uandike wazi kuwa ni makadirio. Bajaji za umeme zikija msiziandike sifuri: zikichajiwa kituoni kwenu, umeme huo unaingia fungu la pili.